Dawa Isiyokosea

Wakubwa mkitaka kusoma, someni, lakini kimya kimya. Maneno haya ni ya watoto wa Kazimia, na wenzao wa Baraka na wa Fizi kule mlimani, ambao habari za waasi walioitwa Simba wamezisikia kwa vipande. Babu humtaja Mulele akikasirika. Bibi huhesabu umri wake kuanzia mwaka wa kukimbia. Mwalimu huandika ubaoni tarehe ya uhuru, akafuta, akarukia kwa Mobutu. Katikati hapo kuna vita nzima, na vita hiyo ilipita kwenye ufuko huu huu wa Ziwa Tanganyika mnapoogelea.

Tuanze na uhuru wenyewe. Tarehe 30 Juni 1960 Ubelgiji iliteremsha bendera yake, na Patrice Lumumba akawa Waziri Mkuu wa Kongo. Hakumaliza miezi mitatu kwenye kiti. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga, na maofisa wa Kibelgiji walikuwapo. Mwaka 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba radhi kwa sehemu yake katika kifo hicho, na Juni 2022 ikarudisha kwa familia yake jino moja, maana ndilo lililobaki la mwili wake.

Mtoto mwenye akili atauliza: kama bendera ilikuwa yetu, waasi waliasi dhidi ya nani? Ni swali ambalo watu wazima wengi hulikwepa. Fikirini mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa nyumba, lakini ufunguo wa ghala umebaki mfukoni mwa mwenye nyumba wa zamani. Shaba ya Katanga ilikuwa bado mikononi mwa kampuni ya Wabelgiji, Union Minière. Jeshi la serikali likishindwa, maofisa walitoka Ubelgiji na ndege zilitoka Marekani. Mlimaji alilima kama jana, na wakubwa wapya wa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, walipanda magari ya wakubwa wa zamani. Watu walipoona hivyo wakaanza kudai uhuru wa pili. Mimi siwezi kuwacheka. Madai yao yalikuwa ya haki, na ni vizuri mlijue hilo mapema, kwa sababu sehemu kubwa ya habari hii ni ya makosa, na mtu anaweza kuyasikia makosa tu akadhani watu wale waliinuka bila sababu.

Pierre Mulele, aliyekuwa waziri wa Lumumba, aliwasha moto huko Kwilu, magharibi ya nchi, Januari 1964. Upande wetu walitumwa Gaston Soumialot na kijana mmoja wa Katanga aliyeitwa Laurent-Désiré Kabila. Walianzia Bujumbura, wakashuka bonde la Ruzizi, na katikati ya Mei Uvira ikawa mikononi mwa waasi. Fizi na Baraka zikafuata, kisha Albertville, yaani Kalemie. Tarehe 5 Agosti 1964 wakaingia Stanleyville, Kisangani ya leo. Kwa miezi michache tu karibu nusu ya Kongo ilikuwa yao. Nusu ya nchi kubwa namna hii, na wengi wa wapiganaji wale walikuwa vijana wenye mikuki, mapanga na bunduki chache za kuokota!

Waliwezaje? Hapa ndipo dawa inapoingia.

Kijana aliyejiunga alichanjwa, akanyunyiziwa maji yaliyotengenezwa na mganga, akaambiwa kwamba tangu sasa yeye ni Simba: risasi ikimfikia itageuka maji. Akienda vitani alipiga kelele “Mayi Mulele!” Lakini dawa ilikuwa na miiko. Usiibe mali ya mtu. Usimguse mwanamke. Ukiwa vitani usitazame kushoto wala kulia, tembea mbele. Na ulio mkubwa kuliko yote: usiogope.

Msicheke upesi. Tazameni miiko hiyo tena. Jeshi lisilo na mshahara, ambalo kila kijana wake anaamini kwamba akiiba kuku wa mama fulani atakufa kesho, ni jeshi ambalo vijiji vitalipokea. Na jeshi lisilotazama nyuma linatisha. Zaidi ya hayo, askari wa serikali nao walikuwa watoto wa vijiji hivi hivi. Nao waliiamini dawa. Walipowaona Simba wanakuja wima wakiimba, wengi walitupa bunduki wakakimbia kabla ya kupiga risasi hata moja. Basi dawa ilifanya kazi kweli, ila haikufanya kazi kwenye mwili wa aliyenyunyiziwa. Ilifanya kazi kwenye kichwa cha yule aliyekuwa upande wa pili.

Jiulizeni wenyewe kitatokea nini siku upande wa pili akisimama mtu ambaye hajawahi kuisikia dawa hiyo.

Mtu huyo alikuja. Serikali, ambayo sasa iliongozwa na Moïse Tshombe, iliajiri mamluki, askari wa kulipwa kutoka Afrika Kusini, Rhodesia na Ulaya, chini ya Mike Hoare. Marekani ikatoa ndege, na baadhi ya marubani walikuwa Wakuba waliokimbia serikali ya kwao. Tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji waliteremshwa Stanleyville na ndege za Marekani. Mji uliangukia mikononi mwao siku ile ile.

Sasa nataka mtulie, maana hapa ndipo penye funzo. Simba alipopigwa risasi akafa, wenzake walisemaje? Hawakusema dawa imeshindwa. Walisema: aliogopa. Au aliiba. Au alimgusa mwanamke usiku. Nani angeweza kumuuliza marehemu? Na kama waliokufa ni wengi mno kiasi kwamba haiwezekani wote wawe wameiba, walisema mganga wa safari hii hafai, tafuteni mwingine. Dawa yenyewe haikukosea kamwe. Na kitu kisichokosea hakiwezi kurekebishwa. Kamanda aliyepanga vibaya hakuulizwa kwa nini amepanga vibaya, kwa kuwa lawama ilikuwa imeshapata mwenyewe, naye amelala udongoni, hajibu. Kila kushindwa kulifutwa siku ile ile kulipotokea. Kesho vijana wengine walipita njia ile ile kuelekea bunduki zile zile.

Ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanzania, jambo hili lilikwisha kutokea miaka 60 kabla. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani. Maji yale yaliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana pamoja, na hiyo haikuwa kazi ndogo. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Mohoro mwanzoni mwa Agosti mwaka ule ule. Tarehe 30 Agosti, huko Mahenge, maelfu walikwenda kifua wazi mbele ya bunduki za rashasha. Kisha Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Hesabu za wanahistoria huanzia watu 75,000 na kufika 300,000. Habari hizo zilijulikana Kigoma, zilijulikana Dar es Salaam, katika miji ile ile ambamo viongozi wa Simba walikuwa wakilala hotelini.

Naam, hotelini. Tufike huko, lakini kwanza turudi nyumbani.

Stanleyville ilipoanguka, waasi waliobaki walibanwa kwenye vipande vya nchi, na kipande kilichodumu kilikuwa hiki chetu: Fizi, Baraka, milima inayoangalia ziwa, na njia ya maji kwenda Kigoma. Silaha za China na za Urusi zilipita Tanzania, zikavushwa usiku. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 1965 mashua moja ilifika Kibamba, kusini ya Kazimia, ikiwa na Wakuba wachache, hawa wametumwa na serikali yao kuwasaidia waasi. Walijipa majina ya Kiswahili kwa hesabu: Moja, Mbili, Tatu. Moja alikuwa Víctor Dreke, mtu mweusi, mkuu wao machoni pa watu. Tatu alikuwa mzungu, daktari, aliyeugua pumu. Alitibu watu kijijini, na haikumchukua siku nyingi kuwaambia wakubwa wa pale jina lake la kweli: Ernesto Che Guevara, mmoja wa watu waliotafutwa sana duniani wakati huo. Baadaye Wakuba walizidi 100.

Che aliandika aliyoyaona Kibamba, na hakujificha: tangu ukurasa wa kwanza alikiri kwamba anasimulia kushindwa. Aliona bunduki zimemwagwa ufukweni, vyuma vya silaha moja vimechanganyika na vya nyingine. Aliona wapiganaji wanafumba macho, wanakaza kidole mpaka risasi zinakwisha. Wakiambiwa wachimbe mahandaki hawakutaka, maana kuingia kwenye shimo la udongo ukiwa hai ni kuita kifo. Wakiambiwa wabebe mizigo ya chakula kupanda mlima walijibu kwamba wao si motokari. Pombe ilinywewa. Kijiji kilichopaswa kulishwa na waasi ndicho kilichowalisha.

Nisiwe mkali kuliko haki. Kijana aliyekataa kubeba mzigo alijua kwamba mkubwa wake hajawahi kuubeba. Wakubwa walikuwa wapi? Soumialot na wenzake walikuwa safarini, Cairo leo, Dar es Salaam kesho, wakigombania nani rais na nani waziri wa nchi ambayo bado hawajaikomboa. Kabila alikuwa anakuja kila siku, yaani kila siku iliahidiwa kuwa atakuja kesho. Alifika Julai 1965, akakaa siku chache, akafurahisha watu, maana alikuwa na kipaji cha kuongea nao, akapanda mashua akarudi Kigoma. Mkubwa mmoja aliyekuja kukaa na watu na kuanza kuweka utaratibu, Léonard Mitoudidi, alianguka kutoka kwenye mashua tarehe 7 Juni, ziwa likamchukua. Sisi wa ziwani tunajua kwamba upepo hauna chama.

Basi mwisho wa Juni ulipofika, amri ikaletwa kutoka mbali: shambulieni Bendera. Mnalijua jina hilo. Ndiko kuliko mtambo wa umeme unaolisha Kalemie. Che aliona kambi ya jeshi iliyokuwa pale ni kubwa mno kwa watu wasiojua kupigana, akashauri waanze na kidogo. Hakusikilizwa, na ruhusa ya kwenda mwenyewe hakuipata. Tarehe 29 Juni 1965 walikwenda Wakuba wachache na wakimbizi wa Rwanda waliokuwa upande wa waasi. Wengi wa wapiganaji walikimbia mara risasi zilipoanza kulia. Wakuba 4 walikufa, na Wanyarwanda wengi zaidi yao. Mmoja wa Wakuba waliokufa alikuwa amebeba daftari lake la kila siku, na kwa daftari hilo serikali na Wamarekani wakajua kwa hakika kwamba kuna Wakuba msituni. Siri iliyolindwa toka Havana ilipotea kwa sababu mtu hakutaka kuacha daftari kambini.

Na baada ya Bendera, sababu ya kushindwa ilisemwa kuwa nini? Mganga. Dawa yake ilikuwa dhaifu.

Kuna jambo jingine ambalo wakubwa hawapendi kuwaambia, nami nitalisema kwa ufupi kwa sababu linaumiza. Simba hawakuua mamluki tu. Huko Kindu na Stanleyville waliwaua makarani, walimu, watu wa ofisi, wengine mbele ya sanamu ya Lumumba, kwa kosa la kujua kusoma na kufanya kazi ya serikali. Mwiko wa kutoiba nao ulikufa. Waasi waliobanwa na njaa walipanda milima ya Itombwe wakachukua ng'ombe wa Wanyamulenge, wafugaji wa huko. Wanyamulenge wengi, ambao mwanzoni hawakuwa maadui wa mtu, wakashika bunduki upande wa serikali ili kulinda mifugo yao. Chuki inayowafukuza watu vijijini hata leo, juu kule na chini huku, ina mizizi mingi, lakini mmoja wa mizizi hiyo ni ng'ombe wale. Uasi uliotaka kuondoa mkono wa Ubelgiji mfukoni mwetu ukaishia na mkono kwenye zizi la jirani.

Mwisho wenyewe ulikuja kwa maji. Serikali ilikuwa na mashua za doria ziwani, na baadhi ya waliozipanda walikuwa Wakuba wale wa upande wa Marekani. Wakuba kwa Wakuba, wakitafutana kwa bunduki juu ya Ziwa Tanganyika, kati ya Kazimia na Kigoma. Mwisho wa Septemba 1965 mamluki wa Hoare waliteremka Baraka. Na hapa niwape haki yao waliokuwa Baraka: walipigana. Walishikilia mji kwa siku kadhaa, wakarudi kuushambulia walipoupoteza, na mamluki walishangaa, kwa maana hawakuzoea kuona Simba wanaopigana kwa mpango. Kwa hiyo wale wanaosema watu wetu walikuwa waoga wanasema uongo. Walikosa viongozi na walikosa kujifunza. Uhodari walikuwa nao. Oktoba, Fizi nayo ikaanguka, na vijiji vya ziwani vikabaki kati ya mlima na mashua za doria.

Nje nako mambo yaligeuka. Tshombe alifukuzwa kazi Oktoba, na marais wa Afrika, walipoona mtu waliyemchukia ameondoka, wakataka kumaliza mgogoro. Tanzania ikawaomba Wakuba waondoke. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Novemba 1965 Che na watu wake walipanda mashua kuelekea Kigoma. Mashua hazikutosha. Wapiganaji wa Kikongo waliotaka kwenda nao waliachwa ufukweni, na mamluki wako njiani. Majina yao hayamo kwenye kitabu chochote nilichowahi kukisoma.

Siku 3 baadaye, tarehe 24 Novemba 1965, Joseph-Désiré Mobutu alichukua nchi kwa nguvu. Aliishika kwa miaka 32. Mulele aliahidiwa msamaha mwaka 1968, akarudi Kinshasa, akauawa kikatili. Kabila yeye hakufa. Mwaka 1967 alianzisha chama chake, akajenga ngome Hewa Bora, katika milima hii hii ya Fizi, akakaa huko miaka mingi akiuza dhahabu, na watu wake walivuka ziwa mwaka 1975 wakateka wanafunzi 4 waliokuwa wakichunguza sokwe kule Gombe. Tarehe 17 Mei 1997 ndiye aliyemwondoa Mobutu. Safari hii alikuja na majeshi ya Rwanda na Uganda, na mkitaka kujua gharama ya msaada huo, waulizeni waliokuwa kijijini Makobola wakati wa mauaji ya mwisho wa mwaka 1998, lakini waulizeni kwa upole.

Watoto wa Kazimia, mtu atakuja. Pengine amekwisha kuja, na ndugu wa mmoja wenu tayari yuko naye msituni. Atakuwa na maneno mazuri, na baadhi ya maneno hayo yatakuwa kweli, kwa sababu dhahabu ya Misisi kweli inatoka na barabara ya Fizi kweli haitengenezwi. Halafu atatoa kikombe cha maji na wembe wa kuchanja. Msimtukane. Mwulizeni kwa adabu, kama mnavyomwuliza mkubwa yeyote: Baba, wale waliopewa maji haya mwezi uliopita wakafa, walikufa kwa sababu gani? Akikujibu kwamba waliogopa, kwamba waliiba, kwamba walivunja mwiko, mwage kwa heshima, urudi darasani. Na kama hujafika miaka 18 huna haja hata ya kumwuliza: sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inamkataza mtu yeyote, awe wa jeshi la serikali au wa kundi la msituni, kukuandikisha.